Ukimwandikia mwalimu wako wa zamani, mtajie alichokufanyia

Kama yupo mwalimu aliyekusaidia na bado yu hai, mtafute. Ukimpata, usiishie kwenye "asante kwa yote". Mwambie ni jambo gani hasa alilofanya likakufaa. Mimi nafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, na haya nayaandika nikiwa upande wa anayepokea.

Mwanafunzi anakaa kwako miaka minne, anafanya mtihani wa taifa, anaondoka. Kinachobaki kwenye kumbukumbu za shule ni divisheni yake. Hiyo inaonyesha alichoweza kuandika siku ya mtihani, haionyeshi ni kipi kati ya yote uliyohangaika nayo kilichomwingia. Mwalimu anaendelea kufundisha kwa kukisia.

Ndiyo maana ujumbe mmoja wa simu ulinigusa sana. Ulianza hivi: "Shikamoo mwalimu. Nilimaliza 2011, mkondo C, nilikuwa nakaa nyuma kwenye dirisha lisilo na kioo." Hapo hapo nikamkumbuka. Sasa ni muuguzi wa wodi ya watoto. Aliniandikia kwamba alipokuwa kidato cha pili alikuwa akifunika daftari kwa mkono kila nikipita, kwa sababu alijua jibu lake si lenyewe. Siku moja nilimwomba atoe mkono, nikampigia vema mistari miwili ya juu, kisha nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umepotea mstari wa tatu tu. Rudi hapo." Anasema hadi leo, akipiga hesabu ya dozi kwa kilo za mtoto, anaandika kila hatua ili mwenzake aweze kuikagua.

Miaka yote nilidhani kinachowasaidia zaidi ni majaribio ya Ijumaa. Kumbe kuna mtoto aliyeinuliwa na maneno machache ya pembeni mwa daftari! Tangu hapo, hata darasa lifurike vipi, simpigii mtu alama ya kosa bila kumwonyesha ameteleza wapi. Shukrani yake imewafikia watoto asiowajua.

Angalia pia alivyojitambulisha: mwaka, mkondo, mahali alipokaa. Tumefundisha watu wengi, na sura hubadilika. "Mwalimu, hunikumbuki?" humweka mzee wa watu kwenye mtihani. Mpe pa kuanzia.

Halafu usisubiri utoboe. Wengi huona aibu kumtafuta mwalimu kabla hawajapata cheo au gari, na waliopata ziro hujiona hawana haki kabisa ya kushukuru. Wanayo. Fundi ujenzi mmoja niliyemfundisha, ambaye mtihani ulimkataa, aliniita kwenye msingi wa nyumba aliokuwa anaupima. Akavuta kamba futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, akahakikisha mshazari ni 5, ndipo akapigilia vigingi vya kona. "Mwalimu, pembetatu yako hii ndiyo inayonilisha." Furaha niliyoipata siku ile ni sawa na ya kuona divisheni wani ubaoni.

Wala aliyefika mbali asijione amepita umri wa kushukuru. Mwandishi Albert Camus alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, mwezi uliofuata, tarehe 19 Novemba, alimwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi jijini Algiers, Algeria. Baba yake Camus aliuawa vitani 1914, mama yake hakujua kusoma, na Germain ndiye aliyemfundisha masomo ya ziada hadi akapata nafasi ya sekondari. Camus alimwambia kwamba habari ile ilipomfikia, baada ya mama yake, aliyemjia akilini ni yeye. Akataja mkono alionyooshewa alipokuwa mtoto maskini. Barua ni fupi, lakini imetaja kitu.

Kuhusu pesa: ukitaka kumtumia mwalimu chochote, mtumie siku nyingine. Hela ikitangulia, maneno hayasomwi vizuri. Na kama huna, salamu pekee inatosha kabisa.

Anza kumtafuta mapema. Mwalimu wa serikali anastaafu kwa lazima akifika miaka 60, na wengi hurudi kwao vijijini, namba ya simu ikabadilika. Nenda shuleni uliposoma, umuulize mkuu wa shule au mwalimu aliyebaki tangu enzi zenu. Usidai namba ya mtu. Acha yako, uombe imfikie. Kundi la WhatsApp la mliomaliza pamoja nalo husaidia, maana hakosekani mmoja anayejua mwalimu anakoishi.

Walimu wenzangu, nasi tuna wajibu. Ujumbe kama huo ukiingia, ujibu hata kwa mistari miwili, na muulize mwanafunzi wako huyo anaendeleaje. Usiutumie kupiga mzinga, hata kama mshahara umechelewa na ada ya mtoto inadaiwa, kwa sababu kijana aliyeombwa hela siku ya kwanza atasita kumwandikia mwalimu wa pili. Ukimaliza kujibu, mpelekee mwalimu aliyeajiriwa juzi kituoni kwako ausome, hasa ile sehemu inayotaja ulichofanya.