Kuhisi chi mwenyewe au kuisoma tu?

Mkuu, umeuliza utajuaje kama hiyo chi (nishati ya mwili kwa nadharia ya Wachina) unayoisikia mikononi kwenye tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, ni kitu umekipata mwenyewe au ni maelezo ya mwalimu yamekukaa kichwani. Swali la msingi kabisa hili.

Jaribu kuelezea ulichohisi bila kutaja chi wala meridiani, zile njia ambazo chi inasemekana kupita mwilini. Viganja vilipata joto, mabega yakashuka, pumzi ikaenda chini tumboni, hayo ni yako. Ukisema nishati imepanda mgongoni ikazunguka hapo umeshaingiza nadharia, yawezekana kweli kuna kitu ulikihisi mgongoni lakini jina umelikopa. Na hilo joto, mwili ukilegea mishipa ya damu inatanuka, damu inafika zaidi mikononi, kwa hiyo peke yake halithibitishi kitu kikubwa.

Halafu tafuta mtu wa kukusukuma. Mazoezi ya tui shou, yaani kusukumana kwa mikono wawili wawili, yapo kwa ajili hiyo, mwenzako hajali umesoma nini, akikusukuma kifuani ama nguvu yake inashuka mpaka miguuni ama unayumba, basi. Hata Wang Xiangzhai, mwalimu wa sanaa za mapigano wa China, alipoanzisha mtindo wake wa yiquan miaka ya 1920 aliachana na ile mifuatano mirefu ya miondoko ya kukariri akaweka mkazo kwenye kusimama tu, zhan zhuang. Simama dakika 10, ukimaliza andika ulichohisi kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote, maana ukishasoma kesho utahisi ulichosoma.

Nadharia ina kazi yake aisee, inakuonyesha pa kuangalia, ila mwalimu akisema kila siku hujafika hatua ya kuhisi, mwombe akuwekee mkono akuonyeshe.