Lamu kwa wawili bila kumaliza mshahara

Kwa anayetaka kumpeleka mkewe Lamu siku nne kwa bei nafuu: achana kwanza na hoteli za ufuoni Shela. Lala Lamu mjini, mitaa ya ndani, kwenye nyumba ya wageni. Shela ni kama kilomita tatu, mnaenda kwa miguu kando ya bahari au kwa boti.

Omba chumba cha juu kabisa. Huko ndiko upepo uliko. Vya chini vina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mwezi Machi fukuto lake halilaliki, mapenzi au la. Piga simu mwenyewe, ulizia bei ya wakazi, yaani ya wanaoishi Kenya, kisha uliza: ni kwa chumba au kwa kila mtu? Chai ya asubuhi imo? Stima ikipotea feni inazunguka? Akutumie video ya kitanda na bafu siku hiyohiyo, si picha za zamani. Lipa sehemu tu kwa M-Pesa, nyingine ukifika.

Mei bei hushuka sana, ila ni mvua na nyumba nyingi Shela hufungwa. Oktoba ni afadhali. Desemba mwishoni sahau.

Ukitua Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wa ndege, patana nauli ya boti kabla begi halijapakiwa. Na vijana wa gatini wakikwambia hoteli yako imejaa, usiwafuate: wakikupeleka kwingine, kamisheni yao huongezwa kwenye bei ya chumba chako.