Michezo ya Kwanza ya BBC Micro

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kompyuta ya BBC Micro, iliyoenea katika shule za Uingereza miaka ya 1980, ndiyo chimbuko la michezo mashuhuri ya video. Ni ipi hiyo, na iliwezaje kutoshea katika mashine ndogo namna ile? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, unaostahili kutajwa kwanza ni Elite, uliotolewa na kampuni ya Acornsoft mwaka 1984 baada ya kutungwa na David Braben na Ian Bell, wakati huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mchezaji huendesha chombo cha anga, akinunua bidhaa katika sayari moja na kuziuza katika nyingine, huku akipambana na maharamia. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa kilobaiti 32 tu, na sehemu yake ilitumiwa na skrini. Hata hivyo mchezo ulikuwa na galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256. Siri yake, ambayo hunistaajabisha hadi leo, ni kwamba maelezo ya sayari hizo hayakuhifadhiwa popote: programu ilianza na namba chache, ikazijumlisha kwa kanuni isiyobadilika, na kutokana na matokeo ikaunda jina, uchumi na serikali ya kila sayari, kwa namna ileile kila mara mchezaji aliporudi.

Kwenye kompyuta hiyohiyo ulianzia pia Repton wa mwaka 1985, mchezo wa kukusanya almasi chini ya mawe yanayoporomoka, uliotungwa na Tim Tyler akiwa bado kijana.