Umeunoa, umeutia makali, au umeupiga msasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimerithi wembe wa babu, ule wa kukunja, wenye chapa ya Sheffield. Ulikuwa umeshika kutu, nikaufufua mwenyewe. Niliwaandikia wenzangu: "Nimeunoa wembe wa babu kwa jiwe na kwa mkanda wa ngozi, na leo nimenyoa na wembe huo." Mmoja akanikosoa: eti mkanda haunoi, na "nimenyoa na wembe" si Kiswahili. Je, kweli?

Jibu: Marahaba. Kwenye mkanda mwenzako yuko sahihi. Kwenye "na" ana hoja, ila kasema kwa ukali kuliko inavyostahili.

Ulipoiondoa kutu uliupiga msasa tu. (Msasa asili yake ni mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao, karatasi ya dukani ililirithi jina.) Wembe uliopigwa msasa unaweza kung'aa na bado ukawa butu, usikate hata unywele.

Kunoa ni kukipunguza chuma. Unaulaza wembe juu ya kinoo, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kisha unausukuma makali yakitangulia. Ukifika mwisho unaugeuzia upande wa pili na kuurudisha. Maji yaliyo juu ya jiwe yakianza kuwa ya kijivu, hicho ni chuma kinachotoka. Kwenye mkanda mwendo ni kinyume: mgongo ndio unaotangulia, makali yanaburutwa nyuma. Ukitanguliza makali utaukata mkanda. Ngozi tupu kazi yake ni kuyanyoosha na kuyalainisha makali ambayo jiwe limekwisha kuyatengeneza. Chuma haikipunguzi kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana wembe hunolewa mara chache, lakini mkandani hupitishwa kila unapotaka kunyoa.

Basi andika "nimeunoa kwa jiwe, nikaupitisha kwenye mkanda". Ukitaka neno moja la kubeba yote mawili, lipo: kutia makali. Hilo linataja matokeo, halijali umetumia nini. Nami sioni haja ya kubuni kitenzi kipya kwa ajili ya mkanda wakati "kupitisha" kinaeleweka na kila kinyozi.

Sasa "na". Katika mazungumzo wengi husema "nimenyoa na wembe" na hakuna anayepotea. Katika maandishi tumia "kwa", kwa sababu tofauti yake ina maana. "Amekatwa na wembe": wembe ndio uliomkata, pengine kwa bahati mbaya. "Amekatwa kwa wembe": kuna mtu aliyeushika. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kauli ya kutendea: "nimenyolea wembe huo", kama tunavyosema kulia kijiko. Usiiache tu hiyo -le-. "Nimenyoa wembe" maana yake wembe ndio ulionyolewa! Tena siku hizi "nimenyoa" peke yake hueleweka pia kuwa umekwenda kwa kinyozi, kwa hiyo kama mkono ulikuwa wako, "nimejinyoa kwa wembe wa babu" haiachi shaka.

Umefanya vyema kutaja "wa kukunja". Tangu Mmarekani King Gillette, aliyebuni wembe wa kutupa, apate hataza yake (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1904, zile nyembe nyembamba za kutupa zimelichukua neno hili, na kijana akisikia "wembe" tu huwaza kile kibati cha kwenye karatasi.

Mwisho, angalia upatanisho: wembe huu mkali, nyembe hizi kali. Ukingo unaokata ni makali, daima kwa wingi: makali yake yamepinda, si "ukali wake umepinda". Ukali ni sifa, na hata mwalimu anaweza kuwa nao.