Jibu kwa mleta uzi wa mhusika wa kigothi: futa hiyo korseti

Futa hiyo korseti. Ifute sasa hivi, halafu urudi tuongee.

Kwa wanaopita tu: mleta uzi ana hadithi ya upelelezi, na mpelelezi wake ni binti wa kigothi (wale wanaovaa nyeusi tupu na kupenda muziki wa kihuzuni), miaka 17, mwanafunzi. Amemtambulisha akishuka ngazi asubuhi ya Jumanne akiwa na korseti ya ngozi (lile vazi la kubana kiuno kwa kamba), joho la mahameli, glavu za lesi hadi viwikoni, na buti za soli nene zenye bizimu kumi na mbili. Anawahi darasani. Anauliza kama hiyo inatosha au aongeze kofia, nywele ziwe rangi gani, na binti avae nini kwenye harusi ya dada yake.

Mkuu, ile aya nimeisoma nikahisi mtu kanitonesha kidonda. Niliiandika mimi, miaka sita iliyopita. Joho langu lilikuwa la hariri, tofauti ni hiyo tu.

Riwaya yangu nayo ilikuwa ya upelelezi. Pesa za wanafunzi zinaibwa bwenini, na binti wa kigothi ndiye anayemsaka mwizi. Sura ya kwanza nikaeleza kwa uchungu mwingi jinsi mama yake anavyofanya usafi hospitalini na kulea watoto watatu peke yake. Sura ya pili binti akaingia na vazi jipya kabisa, toka utosini hadi unyayoni. Sura ya tatu vazi jingine. Nilikuwa najisikia fundi wa maelezo. Kila kitu kiling'aa, kila kitu kilikuwa cheusi tii, hakuna kilichopauka wala kilichoshonwa kiraka.

Niliwapa watu tisa wanisomee. Saba wakarudi na jibu moja: mwizi ni yule binti, tumemjua tangu sura ya pili, zile buti zimemchoma.

Mwizi alikuwa mwalimu wa hesabu! Miaka miwili nimemficha yule mwalimu, nimempangia nyayo, risiti, mpaka kikohozi. Hakuna aliyemwangalia. Wote walikuwa wanasubiri nieleze mtoto wa mfanya usafi kapata wapi joho la hariri, na mimi sikuwa na jibu kwa sababu swali lenyewe halijawahi kunipitia kichwani. Kibaya zaidi, kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshautuma mswada kwa mchapishaji kabla wale tisa hawajamaliza. Jibu lake lilikuwa fupi: msomaji anangoja maelezo ya mavazi ya msichana huyu hadi ukurasa wa mwisho na hayaji. Mlango ukafungwa. Na nilikuwa nimeshamlipa mchoraji wa jalada. Ile picha ninayo ukutani hadi leo, msichana na joho lake linapepea juu ya paa. Wageni wakiuliza kama ni binti yangu nasema ndiyo, yuko masomoni.

Msomaji mmoja kati ya wale tisa alikuwa mgothi kweli, mtu mzima, miaka mingi kwenye hayo mambo. Aliniandikia karatasi nne, tatu zikiwa za korseti peke yake. Maana nilikuwa na tukio ambapo binti anasikia kishindo usiku, anaruka kitandani, anafunga korseti "kwa sekunde chache" na kutokea dirishani. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: korseti ya kweli ina fito za chuma. Kwanza unalegeza kamba za mgongoni, ndipo unafunga vibanio vya mbele, halafu unarudi mgongoni kukaza kidogo kidogo kuelekea kiunoni. Ikiwa mpya huikazi mpaka mwisho, unaizoesha mwili kwa siku nyingi. Na ukishaivaa huinami. Kwa hiyo viatu vinatangulia. Alipigia mstari chini ya hilo mara mbili: VIATU KWANZA. Binti yangu alikuwa amejifunga korseti, kisha akainama kufunga bizimu za buti gizani, kisha akapanda ukuta. "Ungempa mabawa tu," aliandika, "ingekuwa rahisi kuamini."

Niseme nani aliyeniingiza kwenye shimo hili. Kulikuwa na mtu anayejiita mwalimu wa uandishi, anauza kozi, jina namhifadhia. Somo lake la "wahusika wa pekee" lilisema mgothi unamvisha kila kitu tangu anapoingia, msomaji amtambue kwa mbali. Akatupa na picha za mfano. Baadaye sana ndipo nilipogundua zote zimetoka kwenye katalogi ya mavazi ya Halloween, yale ya kuvaa usiku mmoja na kutupa. Yule bwana hajawahi kukaa meza moja na mgothi. Mimi pia sikuwa nimewahi, lakini angalau sikuwa nauza kozi.

Na hata picha za magothi wa kweli zinadanganya usipokuwa makini. Nyingi zinapigwa kwenye tamasha kama lile la Whitby, Uingereza, lililoanza 1994, ambako watu wanakwenda na vazi walilolihangaikia muda mrefu. Majoho yapo, lesi ipo, na wanaopenda mtindo wa maombolezo ya enzi za Malkia Victoria wapo kibao. Ila kumwandika mgothi wa Jumanne kwa picha za Whitby ni sawa na kuandika maisha ya ndoa kwa kutazama albamu ya harusi.

Sasa kanuni, na ninayo moja tu, iliyonigharimu riwaya nzima: usimvishe kitu ambacho huwezi kusema amekipataje. Si lazima ukiandike. Ila ukijue. Kanunua kwa pesa ipi? Karithi kwa nani? Kaazima na hajarudisha? Katengeneza mwenyewe kwa mkasi gani?

Usifikiri nakubania. Hivi ndivyo mambo yenyewe yalivyoanza. Magothi walitoka ubavuni mwa mapunki wa Uingereza, wale vijana wa muziki wa punk, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakifuata bendi kama Bauhaus na Siouxsie and the Banshees. Klabu ya Batcave ilipofunguliwa London mwaka 1982, vijana wengi waliojaa mle hawakuwa na duka la kigothi la kwenda. Walinunua mitumba, wakakata, wakachana, wakachovya rangi.

Chukua soksi ndefu za wavu, zile za kuvaa mpaka kiunoni. Zimechanika vidoleni, mtu mwingine angetupa. Unazigeuza juu chini, unatoboa tundu la kichwa pale katikati ya miguu, unakata nyayo, unapitisha mikono kwenye miguu ya soksi. Tayari una blauzi ya wavu. Binti anayefanya hivyo mezani huku mdogo wake anamcheka ameshanieleza habari zake zote, na hujatumia neno "giza" hata mara moja.

Au rangi. Chukua shati jeupe la pamba, lichovye kwenye rangi nyeusi. Kitambaa kitashika. Lakini nyuzi za mshono mara nyingi ni za poliesta, na poliesta haishiki rangi ya pamba, kwa hiyo shati linatoka jeusi na mishono yake imebaki myeupe, kama mifupa. Mtu mwenye subira anaipitia na kalamu ya wino. Mvivu anasema ndivyo alivyotaka. Ukishalifua mara kadhaa weusi unaanza kukimbia, na hapo unagundua hakuna nyeusi mbili zinazofanana: suruali inavuta kahawia, shati linavuta kijivu, sketi ina ubuluu ukisimama juani. Hilo mgothi analijua na linamkera. Kwenye katalogi halipo. Nywele za paka nazo hazipo, wakati nguo nyeusi na paka wanapendana kuliko Romeo na Juliet.

Nilipoiandika upya riwaya yangu, ile mishono myeupe ndiyo iliyomkamatisha mwalimu wa hesabu. Sisemi zaidi, bado naitafutia mchapishaji.

Ukimuuliza binti yako alivyopata kila kitu, wingi utapungua wenyewe. Atabaki na vitu vinne au vitano anavyovirudia: buti moja iliyokwanguka pua na kupakwa wino, fulana ya bendi iliyopauka, wanja, pete ya fedha aliyopewa na mtu. Korseti akiitaka, aidunduizie pesa. Ifike sura ya kumi, ivaliwe usiku mmoja, viatu kwanza.

Kofia, hapana.

Halafu ukurasa wako wa pili, katikati ya orodha ile ya mahameli na lesi, umetaja kwa nusu mstari koti la marehemu babu yake linaloning'inia nyuma ya mlango, kisha ukaliacha likining'inia. Mkuu! Babu alikuwa mkubwa kuliko yeye. Mikono ya lile koti kaikunja au kaikata? Kama kaikata, mama yake alisema nini alipoona? Na mifukoni alikuta nini? Andika hiyo aya uniletee hapa, nitaisoma leo leo.