Jibu: Penzi la upande mmoja kwenye nyimbo za Kihispania

Mkuu, umeuliza kama nyimbo za Kihispania kuhusu kumpenda asiyekupenda ni kilio tu, au kuna zaidi ya hapo. Kuna zaidi, tena sana. Anza na Juan Gabriel wa Meksiko, wimbo wake "Se me olvidó otra vez". Jamaa kaachwa, ila hahami. Anabaki mji uleule na watu walewale, ili mpenzi akirudi asikute chochote kigeni. Unamwonea huruma, unaanza kungoja naye. Halafu anakiri kwamba amesahau tena: aliyependa ni yeye peke yake. Hapo ndipo kila alichosema mwanzo kinageuka, kwa sababu hakuna wa kurudi. Kwangu mimi hakuna mstari unaouma kuliko huo.

Kisha tafuta "Cucurrucucú paloma" ya mtunzi Tomás Méndez, naye wa Meksiko, ya miaka ya 1950. Mwanamume hali chakula, kazi yake usiku ni kulia na kunywa, na hata anapokufa bado anamwita mwanamke yule. Asubuhi na mapema njiwa mwenye huzuni huja kuimba kwenye kijumba kitupu, milango wazi, na watu wanaapa kwamba njiwa huyo ni roho yake, bado inamngoja. Msikilize Lola Beltrán akiuimba, hasa pale sauti inaporuka ghafla juu kuiga mlio wa njiwa. Hata usipojua neno moja la Kihispania utaelewa.

Bolero za Kuba, yaani nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu, nazo zina maumivu yayo hayo, ila huimbwa kwa upole zaidi. Zianze baada ya hizi mbili.