Kabla ya kupiga kelele, uliza nani atakalia kiti

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa nyinyi mliopata uraia juzi juzi na mnaanza kupiga kura: kuna mchezo mmoja wa siasa za huku ambao mkiujua mapema mtajiepusha na ugomvi mwingi wa bure kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanasiasa akinaswa na jambo la ubaguzi wa rangi au la kuwadhalilisha wanawake, chama pinzani kinataka ajiuzulu leo leo. Chama chake kinasema tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwezi ujao akinaswa wa upande wa pili, wanabadilishana maneno kama walinzi wanaopokezana zamu.

Mimi naishi Virginia, na mchezo huo niliushuhudia ukichezwa wote ndani ya wiki moja, Februari 2019.

Ijumaa tarehe 1 ilitoka picha kutoka ukurasa wa Gavana Ralph Northam, Mdemocrat, kwenye kitabu cha wahitimu wa chuo chake cha udaktari cha mwaka 1984. Watu wawili wamesimama, mmoja kajipaka rangi nyeusi uso mzima, ile dhihaka ya zamani ya wazungu kwa watu weusi, mwingine kavaa joho na kofia ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatesa na kuwaua weusi. Jioni hiyo Northam akaomba radhi kwa kuwemo pichani. Kesho yake akaita waandishi wa habari na kusema, hapana, yule si mimi; ila mwaka huohuo nilijipaka kiwi kidogo mashavuni nikamwiga Michael Jackson kwenye mashindano ya kucheza. Mwandishi mmoja akamuuliza kama bado anauweza ule mwendo wa kuteleza kinyumenyume. Gavana akaangaza sakafuni kama mtu anayepima nafasi, mpaka mkewe alipomwambia hapa si mahali pake. Tulitazama kipande hicho kwenye simu, chumba cha mapumziko kazini, na hakuna aliyejua acheke au anune.

Wakubwa wa chama chake, karibu wote, walimtaka aondoke. Ilikuwa rahisi kusema hivyo, maana kiti kingekwenda kwa naibu wake, Justin Fairfax, Mdemocrat mwenzake na mtu mweusi. Kisha mwanamke mmoja akamtuhumu Fairfax kwamba alimshambulia kingono mwaka 2004, na baadaye wa pili akajitokeza na tuhuma ya mwaka 2000. Yeye alikana, akasema yalikuwa makubaliano, na hakuwahi kushtakiwa. Katikati ya hayo, Jumatano tarehe 6, mwanasheria mkuu Mark Herring, aliyekuwa mstari wa mbele kumtaka Northam ajiuzulu, akakiri kwamba naye alijipaka rangi nyeusi kwenye sherehe mwaka 1980.

Hapo hesabu ikabadilika. Wa tatu kwenye foleni ya ugavana, baada ya Fairfax na Herring, alikuwa spika wa bunge la jimbo, Kirk Cox, Mrepublican. Chama chake kilikuwa na viti 51 bungeni humo dhidi ya 49, na kimoja kati ya hivyo 51 kilipatikana Januari 2018 kwa kuchomoa jina kutoka kwenye bakuli, kwa sababu wagombea walikuwa wamelingana kura. Yaani Wademocrat walikuwa karibu kuukabidhi ugavana kwa chama kilichopata wingi wake kwa bahati nasibu. Kelele zikapungua. Kwa Herring hasa, watu waliotamka neno "ajiuzulu" kwa sauti walikuwa wachache mno. Wote watatu walimaliza muhula wao.

Msidhani Warepublican walikuwa na mikono safi. Wiki ileile gazeti lilionyesha kwamba kiongozi wao katika seneti ya jimbo, Tommy Norment, alikuwa mhariri msimamizi wa kitabu cha mwaka 1968 cha chuo cha kijeshi cha Virginia, chenye picha za watu waliojipaka rangi nyeusi na maneno ya kuwatukana weusi. Naye aliendelea na cheo chake. Na wengi waliokuwa wakimsimanga Fairfax kwa jina la wanawake walikuwa wamekaa kimya Oktoba 2016, ilipotoka ile kanda ya Donald Trump akijisifu kwamba anawashika wanawake sehemu za siri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: habari ya namna hii ikifika kwenye simu yako, tafuta kwanza nani atakalia kiti mwenyewe akitoka. Desemba 2017 Wademocrat walimbana Seneta Al Franken wa Minnesota mpaka akatangaza kujiuzulu kwa tuhuma za kushikashika wanawake, na walisifiwa kwa msimamo. Mimi sisemi walikosea. Ila gavana wa Minnesota aliyekuwa na mamlaka ya kumteua mrithi alikuwa Mdemocrat. Mwezi huohuo kule Alabama, Roy Moore, mgombea useneta wa Republican, alikuwa anatuhumiwa kuwafuata wasichana wadogo alipokuwa mtu mzima, na kamati ya taifa ya Republican, iliyokuwa imejitoa, ikarudi kumuunga mkono, kwa sababu kiti kile kingekwenda kwa Mdemocrat. Kikaenda kweli, kwa Doug Jones.

La pili, ukimkemea mtu wa upande wako halafu grupu likakujibu "na wale je?", usifuate. Oktoba 2025 zilivuja jumbe za viongozi wa vijana wa Republican zilizojaa matusi ya kibaguzi. Makamu wa rais JD Vance badala ya kuzikemea akaonyesha jumbe za Jay Jones, Mdemocrat aliyekuwa anagombea uanasheria mkuu hapa kwetu, aliyewahi kuandika kuhusu kumpiga risasi spika wa bunge la jimbo, Mrepublican. Jumbe za Jones zilikuwa mbaya kweli. Zile za vijana nazo zilibaki vilevile zilivyo. Mimi hujibu hivi: "Sawa, hilo tutalijadili, fungua mada yake. Sasa tuko kwenye hili." Kaka mmoja alinitoa kwenye grupu kwa jibu hilo, akanirudisha baada ya wiki.

Msichanganye pia mambo yasiyolingana. Picha ya kejeli ya miaka thelathini na mitano nyuma ni aibu. Tuhuma ya kubaka ni suala la polisi na mahakama. Wiki ile yote yalipikwa chungu kimoja, na waliopunjwa ni wale wanawake wawili, maana habari yao iligeuzwa hesabu ya viti.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wahamiaji. Tulikuwa na haraka ya kuwasemea weusi wa hapa. Gazeti la Washington Post lilipouliza wakazi wa Virginia, asilimia 58 ya weusi walisema Northam abaki, wakati jimbo zima liligawanyika nusu kwa nusu. Mama mmoja mzaliwa wa Petersburg hapa Virginia, ninayefanya naye kazi, aliniambia amewapigia kura watu wabaya kuliko huyu, tena wasioomba radhi. Yeye anataka kuona atafanya nini kuanzia sasa. Baadaye Northam alitia saini kufuta adhabu ya kifo Machi 2021, jimbo la kwanza la Kusini kufanya hivyo, na Septemba sanamu ya Jenerali Lee, kamanda wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kutetea utumwa, ikang'olewa Richmond, mji mkuu wa jimbo. Kama hayo yanafuta ile picha, sijui, na si mimi wa kuwaamulia.

Wa kwenu mkemee mahali ambapo hatapata kisingizio cha kiti: kura za mchujo. Pale mshindani wake ni wa chama kilekile. Steve King, mbunge wa Iowa, baada ya miaka ya maneno ya kibaguzi, aliangushwa na Warepublican wenzake Juni 2020. Fairfax aligombea ugavana Juni 2021 akapata chini ya asilimia 4. Hapa Virginia hatujiandikishi kwa chama. Ukifika kituoni siku ya mchujo unaulizwa unataka karatasi ya chama gani, unachagua moja. Kura za mapema hufunguliwa siku 45 kabla, na foleni huwa hakuna.